Udongo wa Tuta la Saba

Kama kuna mtu anayedhani udongo ni vumbi tu lililokosa pa kwenda, ashukuru Mungu hakukutana na Mama Mboji. Angemtolea uvivu pale pale, mbele za watu, na asingejali kama ni fundi, daktari au mkubwa wa ofisi. Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye kitalu cha miti kwa miaka thelathini na mmoja, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwona amevaa glavu. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuvuka uzio na kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Jina lake la kwenye kadi ya kazi lilikuwa jingine kabisa, lakini hata mumewe alilikumbuka siku za kujaza fomu tu.

Kituo chenyewe kilikuwa mwisho wa barabara ya lami. Geti la chuma, kibanda cha mlinzi, ofisi nne kwenye korido moja, stoo ya vifaa, kisha matuta kumi na manne chini ya wavu wa kivuli. Kazi ilikuwa kuotesha misonobari, ile miti ya majani membamba kama sindano, ya kupanda kwenye miteremko iliyobaki uchi juu ya bwawa la maji ya mji. Miche ilikuzwa kwenye viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya nailoni vilivyojazwa udongo, ikamwagiliwa, ikapaliwa, na mvua zikikaribia ikapakiwa kwenye lori kwenda mlimani.

Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Mboji hakulifanyia mzaha. Kila trekta ilipoleta udongo mpya wa kujaza viriba, yeye alikwenda tuta la saba, akachota bakuli la udongo wa zamani, akachanganya. Bakuli moja kwa kila toroli. Alichanganya kwa mikono, taratibu, kama mtu anayetia hamira kwenye unga. Tuta la saba halikung'olewa miche yote hata siku moja. Kila msimu iliachwa misonobari michache imesimama humo, na udongo wake haukutupwa. Wafanyakazi wageni walidhani ni uganga. Walipomuuliza aliwaambia kwamba huu ndio udongo wenye watu, na ule wa trekta ni nyumba tu.

Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, mwanamke mkali aliyekuwepo kituoni tangu matuta yanapimwa kwa kamba. Miaka miwili ya mwanzo mama mkwe aliona jambo lile lile. Mche unaota vizuri, unafika urefu wa kidole, kisha unagoma. Unabadilika rangi, unadumaa, unakufa umesimama. Wakubwa wakalaumu mbegu, wakalaumu maji, wakamlaumu na yeye. Ndipo siku moja akapanda mlimani hadi kwenye msitu mkongwe wa misonobari, akajaza debe udongo wa chini ya miti ile pamoja na majani yake yaliyooza, akashuka nalo kichwani. Aliumwaga kwenye tuta la saba bila kumwomba mtu ruhusa. Miche ya tuta hilo ilikimbia kuliko yote. Alipokaribia kustaafu alimwita mke wa mwanawe akamwambia kwamba vyombo vya ndani atawagawia mabinti zake, lakini udongo ule ni wa kwake. Mama Mboji alikuwa akisema hiyo ndiyo mara pekee mama mkwe alimpa kitu bila kumtolea kasoro.

Na msitu ule haukuwepo tena. Ulikatwa, mahali pake pakasawazishwa, yakajengwa maghala yenye sakafu ya zege. Uzao wa lile debe ulibaki mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni tuta la saba.

Ndani ya udongo huo mlikuwa na nini hasa, Mama Mboji alikuja kuonyeshwa miaka ya baadaye na mtafiti mmoja mwanamke, aliyepita kituoni na hadubini yake ndani ya sanduku. Mtafiti aling'oa mche, akasuuza mizizi, akamwita aangalie. Mama Mboji alifumba jicho moja, akatazama, akanyamaza, na kumnyamazisha mama huyu si kazi ya mchezo. Ncha za mizizi zilikuwa zimevaa soksi. Soksi nyeupe za nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyuzi hizo zilitambaa mbali ndani ya udongo, mahali ambapo mzizi wenyewe usingepenya hata ungesukumwa. Mtafiti akamweleza kwamba hao ni kuvu, na kwamba wao na mti wanafanya biashara. Kuvu wanaleta maji na fosforasi, mti unawalipa kwa sukari unayoipika kwenye majani. Na katikati yao wamo bakteria wasio na idadi. Wapo wanaovunjavunja majani makavu yawe chakula, wapo wanaogandisha chembe za udongo ili maji na hewa vipate njia, na wapo ambao kazi yao ni kugombana na vimelea vya magonjwa kutwa kucha. Hata ile harufu ya ardhi mvua inapoanza kudondoka, akaambiwa, ni yao. Siku ile Mama Mboji alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba kumbe miaka yote amekuwa msimamizi wa mamilioni ya vibarua, na kwamba amheshimu.

Basi akaja meneja mpya. Mtu wa makamo, viatu vinang'aa, mpole wa kuongea, asiyemkatiza mtu hata kama huyo mtu anapayuka. Tumtendee haki, hakuwa mbaya wala mvivu. Kwenye kituo alichotoka, ugonjwa wa kuoza shina uliingia ukalaza miche yote ndani ya wiki mbili, na lawama zikamwangukia yeye peke yake. Alikuja na hofu hiyo kifuani. Wiki ya kwanza tu akaagiza mapipa mawili makubwa, yakawekwa juu ya mafiga ya matofali nyuma ya stoo. Maji chini, wavu wa chuma katikati, udongo juu, moto wa kuni unawaka, mvuke unapanda. Amri ikatoka kwamba udongo wote wa kituo, mpya na wa zamani, upikwe, na kila tuta lianze upya.

Mama Mboji alimfuata ofisini akiwa na matope mpaka kwenye viwiko. Meneja alimkaribisha kiti, yeye akakataa, maana alijua akikaa atachafua na akichafua ataonekana ndiye mwenye makosa. Akasema kwamba hakatai, ndani ya udongo wamo wabaya. Lakini wabaya ni wachache, na wanaowashika shati ni hawa hawa anaotaka kuwachemsha.

"Mama, mvuke hauchagui," meneja alisema.

"Ndicho ninachokuambia, mwanangu."

Meneja akatabasamu kwa adabu. Akaeleza kwamba udongo ukishakuwa safi, chakula cha miche kitatoka kwenye mifuko ya mbolea, kwa vipimo, bila kubahatisha. Mama Mboji akaomba basi kila kitu kipikwe, ila tuta la saba libaki. Jibu likawa kwamba tuta kongwe kuliko yote ndilo la kuogopwa kuliko yote. Litapikwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Akatoka humo bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia meneja yeyote kati ya sita waliotangulia.

Nyumbani walikuwa wawili tu siku hizi, yeye na mumewe, fundi uashi aliyestaafu na magoti yake. Nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkumbusha kwamba amebakiza miezi kumi na moja astaafu kwa heshima, na kwamba wanaobishana na mameneja hupewa barua. Akunje mikono. Apite pembeni. Udongo ni udongo.

Hapo alikosea. Mama Mboji alimgeukia na macho yamemtoka. Akamuuliza ni nani alimbeba mama yake mgongoni kwenda hospitali, na ni nani aliyekaa naye siku zake za mwisho akimsikiliza anauliza habari za tuta la saba kabla hajauliza habari za mwanawe. Mzee akajikuna kichwa. Alipomtazama tena mkewe aliona analia, na si kilio cha huzuni. Ilikuwa hasira tupu, isiyojua itokee wapi.

"Wakiupika ndio basi," alisema. "Nitakwenda kuchukua mwingine wapi? Nikachimbe zege?"

Asubuhi yake, Mama Mboji alipokuwa anafunga chakula cha mchana, alikuta kwenye meza kontena la pili tupu, lenye mfuniko wa kubana, limeoshwa. Alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

Kwa siku nane zilizofuata, mama huyu alitoka getini saa kumi jioni, jua likiwaka, na kontena mkononi limejaa udongo wa tuta la saba. Hakujificha wala hakuharakisha. Siku ya tatu mlinzi akamuuliza amebeba nini. Akamjibu chakula. Mlinzi akauliza cha nani, akaambiwa cha miti. Mlinzi akacheka, akafungua geti, akiamini ametaniwa, na kesho yake akamtania yeye kwanza.

Lakini udongo ule haukai kwenye debe kama mchele. Zile nyuzi nyeupe haziishi bila mzizi ulio hai wa kuzilipa sukari. Ukizitenga na mti zinafifia na kwisha. Kwa hiyo kila kontena lilitoka na miche yake mitatu, imelazwa juu, majani yamefunikwa na kitambaa cha meza. Nyumbani aliipanda, kila mmoja kwenye kopo lake. Makopo yalipojaza kibaraza, akaanza kugawa. Alimpa Kijiko, mwenzake wa miaka mingi wa kumwagilia, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wa mwili na uduara wa kichwa. Akampa mshona nguo wa jirani, akampa mwalimu wa chekechea, akampa dada yake. Kila mmoja aliambiwa maneno yale yale. Usiumwagie dawa, usiuache ukauke, na usiniulize ni wa nini. Nyumba kumi na mbili zilipokea kopo.

Ijumaa ikafika. Tuta la saba likachimbwa lote, misonobari yake ikang'olewa ikatupwa kwenye jaa. Meneja, kwa nia njema au kwa kutaka yaishe, alimwagiza Mama Mboji mwenyewe achochee moto. Akakataa. Akaagizwa mara ya pili mbele ya wenzake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mkono wake hautii kuni hapo, na kama kuna anayetaka kuandika aandike. Alisimama hatua tano kutoka kwenye pipa, mikono imefumbatwa, akaangalia mvuke ukitoka mpaka pipa la mwisho lilipoteremshwa. Udongo ulitoka mweusi, umelegea, unanuka kama viazi vilivyosahauliwa jikoni.

Jumatatu akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa kwenye korido ya ofisi, kufagia na kufuta vioo. Ilikusudiwa imshushe. Alifuta vioo vile mpaka ndege wakawa wanavigonga, kwa sababu kwenye vioo vile ndiko kulikoonekana matuta.

Na hapa msimulizi akifichaficha atakuwa mwongo: miche ya udongo uliopikwa ilianza vizuri kuliko yote iliyowahi kuoteshwa pale. Wiki sita za mwanzo ilikuwa inapendeza. Wale waliokufa kwa mvuke walioza wakawa mbolea ya haraka, na miche ikala karamu. Meneja alileta wageni kuitazama. Wafanyakazi vijana wakawa wanapita koridoni wanamuuliza Mama Mboji habari za watu wake wa chini. Aliendelea kufagia. Jioni moja alimwambia Kijiko kwamba labda amezeeka, labda kweli alikuwa anang'ang'ania uchafu. Kijiko alimwambia anyamaze, hajazoea kumsikia akisema ujinga.

Mwezi wa tatu, miche ikagoma. Hakuna aliyeona siku yenyewe; ni kwamba leo ni kama jana, na wiki hii ni kama wiki ile. Urefu wa kidole, basi. Kisha majani ya chini yakaanza kuingia rangi ya zambarau, rangi ya mti unaolilia fosforasi. Meneja akaongeza mbolea. Fosforasi ikajaa kwenye viriba, na miche ikaendelea kuililia, maana hapakuwa na wa kuifikisha mdomoni. Udongo nao ukabadilika. Chembe hazikushikana tena. Ukikauka unakuwa unga, ukimwagiliwa unaganda juu kama sakafu, maji yanateleza pembeni. Na ule ugonjwa wa kuoza shina, uliosababisha yote haya, ukaja vile vile, umepanda maji ya mfereji. Udongo wenye watu ungeupokea kwa ngumi. Huu ulikuwa nyumba isiyo na mwenyewe, ukaingia ukajilia. Tuta la tisa lililala lote kwa siku nne.

Meneja alikonda. Alikuwa anazunguka matutani na daftari, anapima, anaandika, anapima tena. Mama Mboji alimwona kupitia kioo na, ajabu, hakufurahi. Alisema baadaye kwamba alitaka ashindwe, lakini hakutaka miche ife kwa ajili hiyo.

Kijiko ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Kwenye kopo lake la nyumbani msonobari ulikuwa umefika gotini. Siku moja alibeba konzi mbili za udongo wake ndani ya mfuko wa aproni, na wakati anamwagilia tuta la tatu akanyunyiza kidogo kidogo kwenye mstari mmoja wa viriba, wa kwanza kutoka njiani. Hakumwambia mtu, hata rafiki yake. Na kwa vile alikuwa mtu wa kunyoosha mambo, hakuruka kiriba hata kimoja. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Miezi miwili baadaye, katikati ya tuta la zambarau, palikuwa na mstari wa kijani umenyooka kama umepigwa rula.

Meneja alisimama mbele yake muda mrefu. Akachomoa mche, akagonga udongo, akaona soksi nyeupe. Hakuwa mjinga. Akawaita wote, akauliza kwa upole ule ule ni nani. Kijiko alikuwa na watoto watatu shuleni na mume asiye na kazi. Kabla hajafumbua mdomo, Mama Mboji akatoka koridoni na fagio mkononi, akapita katikati ya watu.

"Ni udongo wangu," alisema. "Nimeutoa hapa kabla hamjaupika. Muulize mlinzi, alinifungulia geti siku nane."

Akashtakiwa kwa wizi. Kamati ya nidhamu ilikaa kwenye ofisi ya nne, watu watatu kutoka makao makuu, mwenyekiti wao mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Meneja alisoma mashtaka bila kuinua macho. La kwanza, kwamba mtumishi huyu aliiba mali ya kituo, yaani udongo. La pili, kwamba alihifadhi uchafu wenye vimelea ambao kituo kilikwisha kuamuru uangamizwe. Mwenyekiti akamwomba asome tena. Akasoma tena. Mama yule akavaa miwani, akamuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Kama ni uchafu, huyu mama kakisaidia kituo kuusomba. Kama ni mali, basi nani aliyeichemsha?

Meneja akasema, polepole, kwamba wakati ule hakujua. Kisha akasema aliogopa. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Mboji kumsikia anasema jambo lisilotoka kwenye karatasi, na kwa dakika moja alimwonea huruma.

Lakini amri ilikuwa amri, na kamati haiwezi kurudi makao makuu mikono mitupu. Mwenyekiti akamsogezea karatasi. Aandike barua ya kuomba radhi kwa kukaidi maagizo, arudishe udongo wote alionao, mambo yaishe. Miezi mitano iliyobaki ataimalizia kitaluni na ataagwa kama wengine. Ilikuwa fursa nzuri, na ilitolewa kwa nia safi. Mama Mboji aliitazama ile karatasi. Alifikiria kadi yake ya kazi, sherehe ya kuagwa, picha ya pamoja mbele ya geti. Akamfikiria na mumewe aliyemwoshea kontena akijua fika litakakompeleka.

"Udongo mtapata, maana si wa kwangu kuunyima miti," alisema. "Radhi hapana. Nikiomba radhi leo, kesho mtu mwingine akiona kinachemshwa kitu kilicho hai atakumbuka barua yangu, atafumba mdomo wake. Nifukuzeni, nimekaa vya kutosha."

Mjumbe mmoja akamwambia afikirie uzee wake. Akamjibu kwamba uzee umeshafika, hausubiri kufikiriwa. Akaiacha kalamu ilipokuwa, akainuka.

Hawakumfukuza, walimstaafisha mapema. Kwenye barua waliandika ni kwa manufaa ya kituo, na aliposomewa neno hilo alicheka mpaka akakaa chini. Hapakuwa na sherehe wala picha. Alitoka getini saa kumi jioni, muda wake wa siku zote, na mlinzi alisimama wima kumfungulia. Kijiko alimsindikiza mpaka njia panda akilia, akitaka kurudi kusema ukweli. Mama Mboji alimwambia akirudi atamchapa na fagio, kwa sababu kuna mtu lazima abaki ndani anayejua kumwagilia.

Wiki mbili zilipita. Mvua zilikuwa zimebakiza miezi minne, na makao makuu walishamwambia meneja kwamba mlimani patapelekwa miche, si maelezo. Jumamosi moja asubuhi, Mama Mboji akiwa kibarazani anapalilia makopo yake, akamwona anakuja kwa miguu, peke yake, na beseni kwapani. Viatu vilikuwa na vumbi. Mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake, alikunja ndita, akataka kusema neno. Mkewe akamtazama, naye mzee akalimeza.

Meneja alisalimia, akasimama chini ya ngazi ya kibaraza. Hakujizungusha. Alisema amekuja kuomba.

"Mapipa je?" Mama Mboji aliuliza.

"Nimeyafanya ya kutekea maji."

"Na tuta la saba?"

"Lipo tupu. Sijamruhusu mtu aliguse."

Alimwacha asimame kidogo. Si sana, kiasi cha mtu kupata kuona makopo yaliyo mbele yake, kopo kwa kopo, misonobari ya kijani kibichi, na udongo mweusi ulioshikana vizuri chini yake. Kisha akainuka, akashika kijiko cha kupandia, akamwambia apande ngazi aje ashike beseni. Alitoa miche sita na udongo wake wote, akailaza humo, akamweleza namna ya kuipanda katikati ya tuta, namna ya kuchota bakuli kwa kila toroli, na kwamba asichanganye kwa chepe. Meneja alikuwa akirudia kila neno kwa sauti ndogo. Nusu ya makopo ilipokwisha, Mama Mboji akakung'uta mikono, akakaa.

Meneja alitazama beseni, akatazama makopo yaliyobaki.

"Na haya mengine, mama?"

"Hayo hayaondoki hapa," alisema. "Wewe umeshajifunza. Atakayekuja baada yako simjui."